Baiskeli ya Foleni Iliyofika Gulwe

Dorkasi Ndahani wa Ihumwa, ukitaka afanye jambo, mwambie haliwezekani. Hapo umemmaliza. Atakukazia macho, atavuta pumzi kwa nguvu, halafu utamwona anakunja mikono ya blauzi yake. Ndivyo alivyo tangu mdogo. Baba yake mdogo, Abeli, alikuwa na baiskeli nzito ya chuma aliyoipenda kuliko alivyowapenda wakwe zake, na alipiga marufuku mtoto wa kike kuigusa. Eti mtoto wa kike akipanda baiskeli anaharibika. Anaharibika nini, hakusema. Dorkasi akangoja watu waende kanisani, akaitoa, akapitisha mguu chini ya kile chuma cha katikati kwa kuwa hakufika kwenye kiti, akateremka nayo mpaka ikamtupa kwenye ua wa minyaa. Utomvu ukamwingia jichoni. Alishinda ndani na kitambaa usoni, mama yake akimwosha jicho kwa maziwa na kumgombeza kwa wakati mmoja. Alipopona tu, akaenda akaitoa tena. Mama akanyoosha mikono, akasema huyu sasa ni wa Mungu.

Huyo ndiye aliyekwenda kusomea kompyuta chuo kikuu, kule vilimani, na alipomaliza, wenzake wakikimbilia Dar, yeye akarudi zake Ihumwa kwa mama.

Dodoma nayo ilikuwa imeshabadilika. Serikali ilipohamia, watu wakahamia, na watu walipohamia, magari yao hayakubaki nyuma. Mji ambao zamani mbuzi aliweza kulala katikati ya barabara mpaka jua likamchoma, leo una foleni! Asubuhi magari yanatoka mjini kuelekea Mtumba kwenye wizara, pua kwa mkia, yanapiga honi kama harusi isiyo na bibi harusi. Na hapo Ihumwa, kandokando ya foleni hiyo, walinzi, mafundi ujenzi, wafagiaji na mama lishe wanakwenda kazini kwa miguu, wanayapita magari ya wakubwa yamekwama, halafu wanafika wamechoka kabla ya kazi kuanza.

Dorkasi akasema hawa watu wanachohitaji ni baiskeli. Si ya kununua, nani ana hiyo hela. Ya kukodi. Mtu anashika simu, anaona baiskeli ilipo, anaichukua hapa, anaiacha pale. Akaanza kuandika programu ya simu ya kufanya kazi hiyo, akaiita Pedali.

Aliyempatia nafasi ni Castory, mwenye kampuni ndogo pale Makole. Tusimsingizie, Castory hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa viatu vinavyong'aa katika mji wa vumbi, na hilo peke yake linatosha kumchosha mwanadamu. Alijua kuongea na wafadhili, akapata fedha, baiskeli zikaja. Dorkasi aliandika programu karibu yote, kijana mwenzake Denis akamsaidia rangi na picha.

Baiskeli zenyewe zilipofika Ihumwa na kupangwa kwenye stendi ya vyuma kando ya barabara, watu walizizunguka, wakazishika, wakacheka. Nyembamba, nzuri, hazina keria.

"Sasa hii ya nini?" akauliza mama mmoja. "Ndoo nabeba kwa meno?"

Castory alisema hizi ni baiskeli za kisasa, za mtu mmoja. Dorkasi hakubishana naye. Alizipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale pale Ihumwa, zikarudi kila moja na keria ya nondo nyuma yake. Castory alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kwamba nani amemruhusu kutoboa mali ya wafadhili. Lakini baiskeli zikaanza kutoka. Wiki haijaisha, stendi ilikuwa nyeupe, haina hata moja.

Ikabaki nyeupe. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kila baiskeli ilikuwa na kidude chini ya kiti kinachoonyesha mahali ilipo. Ofisini, kwenye kioo kikubwa ukutani, ilionekana kama nukta ya kijani juu ya ramani. Ikichelewa kurudishwa, nukta inakuwa nyekundu. Siku ile Castory alipomwita Dorkasi, ramani ilikuwa imetapakaa wekundu kama mtu mwenye surua. Moja Kikombo. Nyingine Buigiri. Na moja imekwenda mbali kabisa, huko wilaya ya Mpwapwa, kwenye reli.

"Nisomee hapa," alisema Castory, kidole kwenye kioo.

"Gulwe."

"Gulwe kuna foleni?"

"Gulwe kuna stesheni ya treni, bosi."

"Sikukuuliza habari za treni!"

Aliketi, akapangusa kiatu chake kwa kiganja, akasema kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo ni mbaya kuliko kufoka. Jumatatu Bi Rukia Abdulwahab, mwakilishi wa wafadhili, anakuja Ihumwa kukagua. Hatakubali kusikia kwamba baiskeli zimeyeyuka. Kwa hiyo Dorkasi aongeze ukurasa kwenye Pedali. Ukurasa wa wezi. Kila ambaye hajarudisha baiskeli, picha yake na jina lake vitumwe kwenye simu ya kila mtu mwenye programu, Ijumaa, mji mzima uone. Jumatatu majina yaende polisi.

"Usipoufanya, Pedali anaichukua Denis, na wewe urudi kwenu ukalime uwele."

Dorkasi alitazama jina lililoandikwa kwenye ile nukta ya Gulwe. Yoramu Chimya. Mzee Yoramu! Jirani yao, mlinzi, mzee wa kanisa, mtu ambaye akiokota sindano njiani huzunguka nyumba zote kuuliza ni ya nani.

"Huyu si mwizi."

"Ramani inasema."

"Ramani inasema baiskeli iko Gulwe. Haijasema imeibwa."

Castory alimpa kisogo. Dorkasi akatoka akiwa na hasira mbili: moja ya bosi, ya pili ya Mzee Yoramu mwenyewe. Kwani alikuwa anawaza nini? Yeye Dorkasi ametukanwa kwa ajili ya keria, amekesha na programu hii kama mtu anayeuguza mtoto, halafu mzee wa watu anachukua baiskeli anapotelea nayo Gulwe! Akaenda nyumbani kwa mzee akamkuta mjukuu tu, anasema babu mguu umemvimba, amepelekwa kwa ndugu mjini kutibiwa. Asubuhi iliyofuata akapanda basi la Mpwapwa, na huko akachukua bodaboda hadi Gulwe, maneno ya kumwambia atakayemkuta na baiskeli ameyapanga mdomoni.

Nukta ilimfikisha kwenye nyumba moja yenye zizi la ndama ubavuni. Baiskeli alikuwa ameiona kabla hajaona mtu. Ilikuwa imesimama barazani kwenye kivuli, imefunikwa kitenge kisafi. Mnyororo umetiwa mafuta. Mpira wa nyuma umezibwa pancha, kazi nzuri. Keria imezungushiwa vipande vya mpira wa gari ili mzigo usiteleze.

Mama mmoja mnene alikuwa akipepeta uwele uani. Dorkasi akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Wewe ni wa wapi?"

"Naitwa Dorkasi, natoka Ihumwa. Nimekuja kwa ajili ya baiskeli."

Yule mama, Paulina, shemeji yake Mzee Yoramu, aliweka ungo chini na kupiga makofi.

"Hee! Mwenye mali leo kaja! Wewe binti, una roho gani? Mali yako inakaa kwa watu tangu mvua hazijakatika, hata siku moja hujaja kuiona! Ikifa tutamwambia nani? Ni mwenye mali wa namna gani wewe?"

Maneno yote aliyoyapanga Dorkasi yalimpotea. Amekuja kugomba, anagombwa yeye! Akakaa kwenye kigoda alichopewa, akanywa maji, akauliza polepole kwa nini baiskeli haikurudishwa stendi.

"Stendi ndiyo nini? Yale machuma ya barabarani?" Paulina alikunja uso. "Shemeji mguu ulipomvimba hakuweza kuipanda. Sasa aiache pale juani, haina mtu wa kuiangalia, kama mbwa asiye na kwao? Mali ya mtu? Akaipakia juu ya basi, akaileta kwangu niitunze. Alipita kwenu kukuambia, akaambiwa uko ofisini. Kila akija, uko ofisini. Mimi napelekea maziwa stesheni, wanangu wanaendea shule, jirani akiwa na mgonjwa anaomba, nampa. Ilitoboka mara moja, tumeziba. Kuna ubaya gani tulioufanya?"

Dorkasi alishika kichwa. Alielewa yote, na aliona aibu kwamba hakuelewa mapema. Kwani yeye si Mgogo? Mtu mwenye ng'ombe Ugogo haweki kundi lake lote kwenye zizi moja. Huyu anampa rafiki, yule anampa shemeji, mmoja anakwenda kukaa mbali kabisa ambako mvua imenyesha. Anayefuga anakunywa maziwa na kutumia samadi, ila ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na akizaa, akiugua au akifa, mwenyewe lazima aambiwe. Baba yake Dorkasi, Mungu amrehemu, alikuwa na ng'ombe kwa rafiki yake kule Kibakwe, na Dorkasi alipofaulu kwenda sekondari ni mmoja wa hao aliyeuzwa. Alilijua jambo hili kabla hajajua kusoma. Na bado alipokaa kuandika programu, aliandika stendi, kwa sababu huko darasani mfano waliopewa ulikuwa na stendi.

Akacheka. Alicheka mpaka Paulina akaanza kumtazama kwa wasiwasi. Halafu akalikumbuka lile neno, wezi, na kicheko kikakatika kama kimekatwa na panga. Hawa? Hawa waitwe wezi, picha zao zizungushwe mji mzima?

Paulina alimfungia karanga kwenye kitambaa, haki ya mwenye mali, akamsindikiza hadi njiani.

"Unaichukua?"

"Hapana, mama. Nilikuja kuiona tu."

Kwenye basi la kurudi alifungua kompyuta magotini, akafanya kazi njia nzima, vumbi likiingia dirishani na yeye akipuliza herufi. Alichokifanya hakumwambia mtu.

Ijumaa, ofisini, alimweleza Castory yote. Kwamba hakuna kilichoibwa. Kwamba kosa ni la programu, na anajua namna ya kulirekebisha: baiskeli isilale stendi, ilale kwa mtu. Nyumba inayotaka kuitunza iipokee, itumie, simu ionyeshe majirani ni nani anayo, na anayeihitaji aende pale akaikodi. Watu watazichunga kuliko walinzi wa kampuni.

"Hayo ni mambo ya ng'ombe," alisema Castory.

"Ndiyo. Na ng'ombe hawapotei."

"Dorkasi, mimi nimeahidi watu mradi wa kisasa. Nikasimame mbele ya Bi Rukia nimwambie baiskeli zake zimefikia kwa mashemeji?" Alionekana amechoka kweli. "Ukurasa uko tayari?"

"Uko tayari."

"Utume."

"Situmi."

"Nakuambia utume!"

"Nimesikia. Sitaki."

Denis alikuwa ameinamia meza yake anajifanya hayupo. Castory akamwita, akamwamuru abonyeze yeye. Denis alimtazama Dorkasi kwa macho ya kuomba radhi, akabonyeza. Papo hapo simu zikalia. Ya Denis, ya Castory, ya dada wa chai kule koridoni. Castory akaitoa yake mfukoni, akafungua.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Dorkasi. Akasogeza kwa kidole. Dorkasi. Akasogeza tena. Dorkasi, Dorkasi, Dorkasi, ameandikwa mwizi wa baiskeli ya Kikombo, mwizi wa baiskeli ya Buigiri, mwizi wa baiskeli ya Gulwe.

"Umefanya nini?"

"Nimeziandika zote kwa jina langu. Aliyezichukua ni mimi, niliowapa wazitunze nawajua mimi. Kama unataka mwizi, bosi, unaye hapa, huhitaji kusumbuka."

"Unadhani natania? Jumatatu utanieleza pale pale Ihumwa, mbele ya mgeni, na askari nitamwita!"

"Nitakuwepo."

Alitoka akitembea wima, akaingia chooni, akafunga mlango, akakaa humo mpaka dada wa chai akagonga. Msidhani hakuogopa. Aliogopa sana. Na kabla hajafika nyumbani habari ilikuwa imeshatangulia. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni na simu mkononi, macho mekundu, kwa sababu mpaka watu wa Kibakwe walikuwa wamempigia kumuuliza kama ni kweli. Jumapili kanisani benchi lao lilikuwa na nafasi kubwa, na si kwamba waumini walikuwa wachache. Mama aliimba kwa sauti ya juu kuliko siku zote, bila kumtazama mtu. Dorkasi aliona heri angepigwa.

Jumatatu Castory alikuja na viatu vyake, na Bi Rukia, mama mtulivu wa Kondoa aliyevaa mtandio wa kijani, na askari mmoja aliyekuwa akipiga miayo. Wakasimama mbele ya stendi tupu. Foleni ya Mtumba ilikuwa imejaa barabarani, abiria wanachungulia madirishani.

"Ndiye huyu," Castory alimwambia Bi Rukia. "Msomi, lakini tabia..."

Hakumaliza. Katikati ya foleni, kwenye kile kinjia kilichobaki kati ya malori na vumbi, ilikuja baiskeli. Nyuma yake nyingine. Zilikuja zimelundikana, kengele zinalia, nyingine zimepakia mtu na kuku. Mbele alikuwa Paulina, kitenge amekikunja magotini, anakanyaga kwa nguvu zake zote, na kwenye keria nyuma amemkalisha Mzee Yoramu, mguu wenye bandeji ameunyoosha pembeni. Usiku ule wa Ijumaa taarifa, pamoja na habari ya askari wa Jumatatu, ilikuwa imefika Gulwe, na baiskeli ilirudi hadi mjini juu ya basi, mzee akachukuliwa hapo kwa ndugu. Wa Kikombo walikuwepo. Wa Buigiri walikuwepo.

Hakuna aliyemsalimia Castory kwanza. Walimwendea Dorkasi, mmoja mmoja, wakampa mkono na habari ya mali: hii breki imelegea, hii ilianguka ila ni mkwaruzo tu, hii haina neno. Mzee Yoramu akasaidiwa kushuka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Tumesikia una kesi." Alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Mwenye mali akiingia kwenye kesi, sisi tuliowekewa tunamletea mali yake mlangoni. Yeye ndiye anayejua atauza, atalipa faini au atafanya nini. Basi hii hapa. Hesabu zako ziko sawa, hakuna iliyopotea. Sasa tuambie. Tumwachie huyu bwana, au turudi nazo?"

Castory uso ulikuwa umefunguka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Zote zipo! Akaanza kuelekeza kwa mikono, pangeni hapa, fungeni hapa. Hakuna aliyesogea. Akamgeukia mgeni wake.

"Bi Rukia, waambie basi."

"Mimi?" alisema Bi Rukia. "Mimi nasubiri kusikia jibu la huyu binti."

Ndipo Castory akamsogelea Dorkasi, karibu kabisa, akamnong'oneza, na safari hii hakukuwa na ukali, alikuwa anambembeleza kweli.

"Dada, tusiharibiane. Sema ziingie stendi. Picha yako naiondoa sasa hivi, ukiwa umesimama hapa hapa. Kazi yako iko pale pale. Mfikirie mama yako."

Dorkasi alimfikiria. Mama alikuwa ng'ambo ya barabara, amejitanda khanga, amekuja kuona mwanawe akichukuliwa. Alimtazama Paulina anayehema, alitazama baiskeli zilizopanguswa vumbi kama zinakwenda ubatizo, akatazama yale machuma matupu. Sauti yake ilitoka, na ilitoka kubwa mpaka madereva wa foleni wakageuka.

"Picha iache hapo hapo," alimwambia Castory. Kisha akamgeukia mzee. "Babu, rudini nazo."